Alipanda basi mwenyewe

Wiki iliyopita, katika mafunzo ya maafisa wanaohudumia wakimbizi, nilisikia tena hoja ambayo nimeijibu hadi nimechoka: kwamba mwanamke aliyetoka kambini kwa hiari yake, akapanda basi mwenyewe na kuja Nairobi kufanya kazi za ndani, hawezi kuhesabiwa kuwa amesafirishwa kiharamu, kwa sababu hakutekwa wala hakuvushwa mpaka.

Sehemu ya lawama ni ya istilahi yetu. Neno "usafirishaji" humfanya msikilizaji atafute gari na pasipoti, ilhali Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inataja pia kuajiri, kuhifadhi na kupokea mtu kwa lengo la kumnyonya. Anayevusha watu kwa malipo na kuachana nao ng'ambo ya mpaka anafanya magendo ya wahamiaji, ambalo ni kosa jingine. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, kwa hadaa au kwa kutumia vibaya unyonge wa mtu haihesabiki, na kwa aliye chini ya miaka 18 hatuhitaji hata kuthibitisha hadaa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inafuata mkondo huo huo, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba tukisoma neno "unyonge" tunaona umaskini peke yake. Mchukue mwanamke wa Kigosha aliyeko Dadaab. Watu wake ni wakulima wa bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia, wengi wao wakiwa wazao wa waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na baadhi yao wangali wanazungumza Kizigua. Kwa Wasomali, mtu hulindwa na ukoo wake: akidhulumiwa, wazee hudai fidia. Wazee wa mwanamke huyu hawana sauti hiyo, na hata mgawanyo wa madaraka uliokubaliwa nchini Somalia mwaka 2000 ulizipa jamii zote ndogo, kwa pamoja, nusu ya fungu la ukoo mmoja mkubwa. Mwajiri anayemnyima mshahara, akamfungia ndani na kumkumbusha kila siku kwamba alitoka kambini bila kibali, anajua kuwa hakuna atakayebisha hodi kumdai. Alimchagua kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha mwanamke huyo anafika ofisini kwetu, nasi tunamketisha kando ya mkalimani wa ukoo mkubwa, pengine ukoo wa mwajiri mwenyewe, anayezungumza Kisomali cha kaskazini ilhali mwanamke lugha yake ni Kimaay, lugha ya kusini mwa Somalia. Jalada linaandikwa "hana malalamiko". Nimewahi kutia saini majalada ya namna hiyo, na bado yananinyima usingizi. Sasa, kabla ya mahojiano, ninamuuliza lugha yake na ni nani asingependa amsikie. Ninamtafuta mkalimani mwanamke aliye mbali, hata kwa simu, na ninamwomba aliyemsindikiza asubiri nje, hata kama ni kiongozi wa jamii anayeheshimiwa. Ninamweleza mapema kwamba sheria inakataza mwathirika kushtakiwa kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake, kwa maana wengi huamini kwamba wakifungua kinywa watawekwa rumande.

Hata hivyo, nina mashaka mawili. Mshahara mdogo na saa nyingi za kazi peke yake si usafirishaji, na kuna majalada ambayo mimi na wenzangu tumeyasoma mara tatu bila kuafikiana. La pili ni zito zaidi. Nyumba salama, mahali anapohifadhiwa mwathirika, humtenga na mwajiri, lakini pia humtenga na wanawake wachache wanaozungumza lugha yake, ambao ndio ukoo pekee alionao mjini; na kwa sababu za usalama hunyang'anywa simu. Wapo waliotoroka huko wakarudi katika nyumba walimokuwa wakiteswa. Tulipowauliza sababu, mmoja alijibu kwamba kule angalau jirani alimsalimia kwa Kimaay.