Tovuti nzima kwenye flashi: watu wanachodhani na kinachotokea kweli

Hitaji lenyewe, la kusoma tovuti bila intaneti, halina ubishi. Maabara ya kompyuta ya shule ina mashine kadhaa na bando la kuungaunga. Mwalimu anayejua kuprogramu kidogo anagundua kuwa kuna maktaba za msimbo zinazopakua tovuti kwa mistari michache tu, na papo hapo anaahidi kwamba Jumatatu tovuti ya masomo itakuwepo yote, bila intaneti. Matatizo huanzia kwenye ile ahadi. Mifano yangu mingi inatoka kwenye website-scraper, maktaba ya Node.js (mazingira ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari), lakini anayetumia pywebcopy ya Python au programu kongwe ya wget atakutana na mambo yaleyale kwa majina mengine.

Dhana: maktaba inanakili tovuti kama ilivyo kwenye seva.

Hapana. Inachonakili ni majibu ya seva. Inaomba ukurasa, inasoma HTML, inaona humo picha, faili za CSS (za mwonekano) na za JavaScript (za msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari), inaviomba hivyo navyo, kisha inageuza viungo vielekee kwenye folda yako badala ya mtandaoni. Msimbo wa PHP uliotengeneza ukurasa ule na hifadhidata iliyo nyuma yake haviji kamwe. Ni sawa na mteja wa mgahawa: sahani anapewa, jiko linabaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana kisanduku cha kutafuta kitaonekana vizuri tu kwenye nakala yako, lakini ukiandika neno na kubonyeza, hakuna wa kujibu. Fomu za maoni na kurasa za kuingia kwa nenosiri ni hivyohivyo.

Dhana: ninachokiona kwenye kivinjari, maktaba nayo inakiona.

Hii ndiyo inayowaliza wengi, ingawa maelezo ya website-scraper yanasema wazi kwamba haiendeshi JavaScript. Inachambua HTML na CSS zilizorudi, basi. Tovuti nyingi za siku hizi hutuma ukurasa mtupu, kisha JavaScript ndiyo inayokwenda kuchota maandishi na kuyapanga mbele yako. Kabla hujaandika mstari wowote wa msimbo, fungua ukurasa unaoutaka, bonyeza Ctrl+U uone chanzo chake, halafu utafute humo sentensi mojawapo uliyoisoma kwenye skrini. Ukiikuta, una bahati. Ukikuta `<div id="root"></div>` na orodha ya faili za JavaScript, utapakua ganda tupu.

Dawa ipo: nyongeza ya website-scraper-puppeteer, inayofungua kivinjari halisi kisichoonekana, kuacha JavaScript imalize kazi, ndipo inahifadhi. Inafanya kazi, ila ni nzito na inakula RAM. Kwa maoni yangu, tovuti ikifikia hapo ni bora kwanza uangalie kama wenyewe wanatoa masomo hayohayo kwa PDF au EPUB. Mara nyingi wanatoa, ila watu hawatazami.

Dhana: weka kina kikubwa (ngazi nyingi za viungo vya kufuata) ili usikose kitu.

Hesabu kidogo. Ukurasa mmoja wenye viungo 50, na kila kimoja kikifungua ukurasa wenye viungo vingine 50: kwenye ngazi ya tatu peke yake unaweza kufika kurasa 125,000. Kweli viungo vingi hujirudia, kwa hiyo idadi halisi hupungua. Lakini kalenda yenye kitufe cha "mwezi ujao" haina mwisho. Itakupeleka hadi mwaka 2090 ikiwa hujaizuia.

Mpangilio wa kuanzia uwe kama huu:

```
import scrape from 'website-scraper';

await scrape({
  urls: ['https://example.com/masomo/'],
  directory: './masomo',
  recursive: true,
  maxRecursiveDepth: 2,
  requestConcurrency: 2,
  urlFilter: u => u.startsWith('https://example.com/')
});
```

Usipoandika `recursive: true`, utapata ukurasa mmoja na vitu vyake, hakuna zaidi. Jambo la pili ni tofauti ya `maxRecursiveDepth` na `maxDepth`. Ile ya kwanza inahesabu kurasa za HTML pekee. Ya pili inahesabu kila kitu, picha zikiwemo. Ukiweka `maxDepth: 1`, ukurasa wa pili utakuja lakini picha zake hazitakuja, kwa kuwa zenyewe ziko ngazi ya pili. Anayelalamika kwamba kurasa za ndani zimekuja bila picha, ningeanza kwa kumuuliza alitumia ipi.

Jambo la tatu ni `urlFilter`. Haichuji kurasa tu, inachuja kila anwani. Picha za tovuti nyingi hukaa kwenye seva nyingine kabisa, kwa hiyo kichujio kama hiki cha juu kitaziacha zote. Angalia picha zinatoka anwani gani, uiruhusu nayo.

Dhana: kupakua ni kusoma tu, hakumdhuru mtu.

Usipoweka `requestConcurrency`, website-scraper haina kikomo cha maombi inayotuma kwa pamoja. Seva kubwa haitashtuka, lakini seva ya chuo kidogo inaweza kulala. Ukianza kupata jibu la 429, maana yake umeambiwa upunguze mwendo, si kwamba ubadilishe IP na kuendelea.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Programu inayofuata viungo haijui kiungo cha "soma zaidi" kinatofautianaje na cha "futa". Mwaka 2005 Google ilitoa Web Accelerator, iliyokuwa ikifungua viungo mapema ili kurasa zije haraka. Watumiaji wa Basecamp, huduma ya mtandaoni ya kusimamia miradi, wakakuta vitu vyao vimefutika, kwa sababu kufuta kule kulifanywa kwa kiungo cha kawaida na programu ilikuwa ikikipitia kwa jina la mtumiaji aliyekwisha ingia. Ukimpa mpakuaji wako kuki za akaunti yako (vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia), hali ni hiyohiyo. Angalau chuja anwani zenye "logout" na "delete".

Dhana: nikiiendesha tena, itaongeza mapya tu.

website-scraper kwa kawaida inataka folda ambayo bado haipo. Ikiikuta ipo, inakataa. wget ina kipengele cha `-N` kinacholinganisha tarehe za faili, lakini kurasa zinazotengenezwa papo hapo mara nyingi hazina tarehe ya kulinganisha.

Dhana: bofya index.html, kila kitu kitafunguka.

Kurasa nyepesi, ndiyo. Lakini vivinjari huzuia baadhi ya JavaScript ukurasa ukifunguliwa kutoka kwenye diski moja kwa moja. Ingia kwenye folda kwa terminali, andika `python3 -m http.server 8000`, kisha fungua `localhost:8000`. Nusu ya "haifanyi kazi" huishia hapo.

Dhana: kilicho wazi mtandaoni ni ruhusa kukichukua.

Faili ya robots.txt, iliyobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kuwekewa kiwango rasmi cha RFC 9309 mwaka 2022, inaeleza sehemu ambazo mwenye tovuti hataki programu zipite. Si kufuli. wget huiheshimu inapofuata viungo, lakini maktaba ya msimbo inaweza isiifungue kabisa, kwa hiyo kuisoma ni kazi yako. Hakimiliki ni jambo jingine tena: robots.txt kukuruhusu kupita hakukupi haki ya kugawa nakala kwa flashi shule nzima. Tafuta leseni ya tovuti, na isipokuwepo, waandikie wenyewe.

Wikipedia inaruhusu kugawa maandishi yake kwa leseni ya CC BY-SA 4.0, lakini inaomba watu wasiipakue ukurasa kwa ukurasa kwa programu. Hata hivyo huna haja hiyo. Kiwix, mradi ulioanza 2007, hutoa Wikipedia ikiwa tayari kwenye faili moja ya ZIM (aina ya faili inayobeba tovuti nzima), ya Kiswahili ikiwemo, na ndani yake kutafuta kunafanya kazi. Weka faili hiyo kwenye kompyuta moja ya maabara, washa kiwix-serve, seva ya Kiwix yenyewe, na simu zote zilizo kwenye Wi-Fi ya shule zitaisoma bila bando.