Kabla ya kuandika "mwenye busara"

Kila muhula nikisahihisha majibu ya fasihi hapa Kisumu, hukutana na watu wale wale: mwenye busara, mwenye bidii, mvumilivu, mwenye utu. Riwaya ibadilike, tamthilia ibadilike, sifa ni zizo hizo. Wanafunzi wamezikariri kutoka kwenye miongozo ya madukani, na siwalaumu sana. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ina maswali manne ya kujibiwa, alama 80, kwa saa mbili na nusu. Anayehofia muda hukimbilia orodha. Lakini mtahini hatafuti sifa tupu. Anataka sifa iliyoshikiliwa na jambo lililotendeka kitabuni.

Ndiyo maana darasani mwangu vivumishi ni marufuku mwanzoni. Tunaanza na vitenzi: mhusika kafanya nini, kamfanyia nani, na nani alikuwa akimwona? Siku hiyo kitabu kiteule, kile kinachotahiniwa, hukaa kando, maana majibu ya mwongozo tayari yamo vichwani. Naandika kifungu changu mwenyewe ubaoni, kuhusu biashara ya omena (dagaa) katika ufuo wa Dunga hapa Kisumu:

"Mitumbwi ilipofika Dunga alfajiri, Mama Pendo alinunua madebe mawili ya omena, akalipa papo hapo. Kando alisimama msichana na beseni tupu. 'Chukua debe moja,' akamwambia, 'utanilipa ukishauza.' Mvuvi akatikisa kichwa. 'Huyu mama ni malaika,' akasema, huku akihesabu noti zake. Msichana alipotokomea, Mama Pendo alitoa kijitabu, akaandika jina lake na bei. Ilizidi ile aliyonunulia."

Sijaweka chaki chini, darasa zima limeshaandika "mkarimu". Nauliza: kitenzi gani kinachobeba huo ukarimu? "Alimpa, mwalimu." Wapi? Wasome tena. Hakuna aliyepewa kitu pale. Amekopeshwa, tena bila kutajiwa bei. Basi upepo unageuka, sasa Mama Pendo ni mnyonyaji. Hapo wanafunzi waliolelewa kwa pesa za samaki huwajia juu wenzao: mtaji ni wa nani? Mvua ikinyeshea omena kabla hazijakauka, msichana atalipa na nini? Kelele hizo nazipenda kuliko majibu mengi ninayosahihisha.

Siamui kesi. Ninachodai ni kila upande uniwekee kidole kwenye mstari. Kisha narudisha lile swali la tatu, nani alikuwa akimwona? Aliandika bei msichana *alipotokomea*. Kuongeza bei ni biashara, lakini kungoja aondoke ndipo uiandike ni jambo jingine. Sasa tunaruhusu vivumishi, na majibu huja na mwili: "Mama Pendo ni mjanja. Anamkopesha msichana omena bila kumtajia bei, kisha anasubiri aondoke ndipo aandike kiasi kilichozidi alicholipa." Anayetaka kuongeza kwamba ni msaada kwa asiye na mtaji, aongeze, kifungu kinamruhusu. Mhusika anaweza kubeba sifa mbili zinazovutana, na mwanafunzi hapaswi kufuta moja ili jibu lipendeze.

Mvuvi naye huwaponza wengi. Wananukuu "malaika" kama ushahidi uliokamilika. Kweli, maneno ya wahusika wengine ni njia mojawapo ya kumjua mhusika, ila lazima uulize msemaji ana maslahi gani. Huyu ametoka kulipwa taslimu. Majina vilevile: majazi, yaani jina linalodokeza tabia ya mhusika, husaidia pale linapolingana na matendo, lakini mwandishi mwenye kejeli anaweza kumwita fisadi Bwana Mwadilifu.

Kuhusu wahusika bapa (wa sifa moja, wasiobadilika) na duara (wa sura nyingi, wanaoweza kubadilika), mgawanyo uliotolewa na Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, nasema machache tu. Bapa si tusi. Chifu mla rushwa asiyebadilika kuanzia onyesho la kwanza hadi la mwisho huenda ndivyo mwandishi alivyomtaka, ili asimame badala ya tabaka zima.

Swali la umuhimu wa mhusika ndilo linalowapotezea alama bure, kwa sababu wanarudia sifa zile zile kwa maneno mengine. Dawa yangu ni kumng'oa mhusika kwenye hadithi, kisha tuone kinachobomoka. Ukimwondoa mvuvi, Mama Pendo bado anakopesha, bado anaandika bei, lakini kejeli imekufa, kwani hakuna tena sifa za wazi za kugongana na kijitabu cha siri. Basi umuhimu wake ni kuijenga kejeli hiyo. Msichana hana jina wala neno hata moja, na karibu kila darasa humruka. Mng'oe yeye, na Mama Pendo anabaki mteja tu aliyenunua madebe mawili ya omena.