Kuishi na pikipiki inayosuasua kwenye mwendo mdogo

"Fundi, mkono nimeutuliza kabisa, lakini inanivuta halafu inaniachia." Karibu kila anayeniletea tatizo hili hueleza hali ileile: gia ya tatu, kilomita 40 hivi kwa saa, barabara imenyooka, na pikipiki inasukuma na kulegea kana kwamba kuna mtu ameishika nyuma. Ukiongeza mafuta, inatulia papo hapo.

Mara nyingi chanzo ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko mafuta. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na injini nyingi za siku hizi hupangwa zikae karibu na kiwango hicho ili moshi uwe safi, ingawa injini yenyewe hutulia zaidi ikipata hewa kidogo kuliko hapo. Mafuta yakiwa yamefunguliwa kidogo tu, hewa mpya inayoingia kwenye silinda ni chache na moshi uliobaki humo ni mwingi, hivyo mlipuko mmoja huwa na nguvu na unaofuata ukawa hafifu. Injini ya silinda moja au mbili kubwa huonyesha tabia hii waziwazi kuliko ya silinda nne, ambayo milipuko yake hufuatana kwa karibu.

Pikipiki ya kabureta ina kipimo chepesi ninachokithamini sana: ikianza kusuasua, vuta choki, ile inayopunguza hewa, kidogo sana; ikitulia, ujue inakosa mafuta. Hapo mimi hufungua jeti ya sailensa, yaani ile ndogo inayopitisha petroli mafuta yakiwa yamefunguliwa kidogo, na kuiangalia kwenye mwanga, kwa kuwa tundu lake halifiki hata nusu milimita na utando mwembamba wa petroli iliyolala hutosha kuliziba. Tafadhali usilizibue kwa waya, maana ukilipanua hutalirudisha. Tumia dawa ya kusafishia na upepo. Kwa pikipiki ya injekta, dalili ni kwamba huenda laini dakika za mwanzo, wakati kompyuta bado inaiongezea mafuta kwa sababu ya baridi, kisha husuasua ikishapata joto.

Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini kama umepasuka, tapeti (nafasi ya vali), plagi, na ulegevu wa cheni. Injini ya silinda mbili, kila moja ikiwa na kabureta yake au mlango wake wa hewa, inahitaji kusawazishwa ili zivute hewa sawa, na kazi hiyo peke yake imeniondolea malalamiko mengi kuliko kubadilisha vipuri.

Baada ya yote hayo, baadhi ya pikipiki hubaki na msuasuo kidogo, kwa sababu ndivyo zilivyopangwa kiwandani. Hapo ninamshauri mwenye nayo ashushe gia moja ili injini izunguke haraka zaidi, na aegemeze kiganja kwenye mshikio, kwani kila mara pikipiki inapolegea, mwili husogea mbele, mkono unageuza mafuta bila yeye kukusudia, na msuasuo unakua maradufu. Waya wa mafuta nao uachiwe ulegevu wa milimita 2 au 3 tu. Nimewahi kuendesha pikipiki ya mteja kabla na baada ya kurekebisha waya huo, bila kugusa kitu kingine chochote, na aliyepanda nyuma yangu ndiye aliyeuliza nimebadilisha nini.