Matawi ya Pembe Hayahesabu Miaka

Hapa Kasese, Uganda, kila picha ya mwindaji wa Kanada kwenye theluji inapozunguka kwenye simu, hakosi mtu wa kuhesabu matawi ya pembe za kulungu: "Manane! Basi ana miaka minane."

Sivyo. Kulungu dume wa kule huangusha pembe zake kila mwaka, wengi kati ya Desemba na Machi, kisha huota mpya, zikiwa zimefunikwa ngozi laini kama mahameli. Umri unachangia ukubwa wa pembe hizo, lakini chakula, afya na nasaba vinachangia pia. Dume mzee aliyedhoofika huweza kuwa na matawi machache kuliko kijana aliyeshiba. Wajuzi hufungua taya na kutazama magego yalivyolika.

Kwa hiyo asiye na pembe wakati wa theluji si lazima awe jike. Mtazame utosini: palipodondoka pembe huonekana madoa mawili ya duara, kama vidonda vinavyokauka.

Nadhani tunachanganywa na wanyama wetu. Kob, yule swala wa kwenye nembo ya Uganda, pembe zake hazina matawi wala hazianguki, hufa nazo.