Kwa nini amonia hupotea machoni pa kamera asubuhi

Natafuta uvujaji wa amonia, gesi ya kupozea mitambo, kwa kamera ya infraredi inayoona mionzi ya joto, kwenye viwanda vya barafu na vyumba vya baridi vya samaki huku pwani. Mafundi wa zamu huniuliza swali moja: mbona harufu inachoma pua, na kwenye skrini hakuna kitu? Kamera ni nzima. Tatizo ni hali ya hewa.

Amonia hunyonya na kutoa mionzi ya joto kwa nguvu karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 10.3 na 10.7. Kamera huitambua pale tu joto la gesi linapotofautiana na la kitu kilicho nyuma yake. Chukua paa la bati. Usiku hupoa kuliko hewa, ndiyo maana alfajiri lina umande. Wingu la amonia lililokwisha kupata joto la hewa huonekana jeupe mbele yake, kwa kuwa skrini yangu huonyesha chenye joto zaidi kwa weupe. Mchana bati linaunguza, na wingu lile lile huwa jeusi. Katikati, jua likishapanda kidogo, kuna dakika ambazo bati na gesi vina joto moja. Gesi ipo, inaumiza watu, na haionekani. Simkubalii mtu aandike "hakuna uvujaji" kwa kipimo cha saa hizo peke yake.

Kisha kuna unyevu. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba mvuke hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo; ya nyuzi 10 hubeba gramu 9 tu. Mvuke huo hunyonya mionzi hata kati ya mikromita 8 na 12, ambako kwa kawaida hewa huipitisha vizuri. Tena wingi wake ukizidi mara mbili, sehemu kubwa ya unyonyaji huo hukaribia kuzidi mara nne. Umbali uliouzoea katika nchi baridi na kavu usiutegemee Mombasa mwezi wa Machi.

Ukielekeza kamera juu, mbingu kavu isiyo na mawingu ni baridi mno na gesi hujichora wazi. Mawingu mazito ya masika yana joto linalokaribia la hewa, na mchoro unafifia.

Kusi ikivuma, wingu hutawanyika. Kinachohesabika hapo ni wingi wa gesi hewani ukizidishwa kwa unene wa wingu ambao kamera inautazama: sehemu 100 katika milioni kwa mita 1 ni sawa na sehemu 10 kwa mita 10. Basi husimama upande upepo unakotoka, nikalitazama wingu kwa urefu wake. Na pua yangu iko salama.