Gari yangu iko kilindini: maneno ya maji marefu na wapi yanatumika

Mwezi uliopita jamaa anayeniagizia gari kutoka Japani alinitumia meseji, "mwalimu gari yako bado iko kilindini tuvumilie wiki moja", kaandika hivo hivo kwa herufi ndogo, nikacheka peke yangu ndani ya teksi mpaka kondakta akanitazama vibaya. Yeye alikuwa anasema bandari ya Kilindini, Mombasa. Lakini kilichoandikwa ukikisoma vile kilivyo ni kwamba gari imezama maji marefu ya bahari, na hapo wiki moja haisaidii kitu.

Hapa Uganda hilo neno tunalitamka kila siku, madereva wa matrela, wenye maduka ya Kikuubo, watu wa forodha, lakini wengi wanadhani ni jina tu kama Malaba au Busia. Kwenye taasisi yetu kazi yangu ni maneno, na tangu baraza la mawaziri likubali mwezi wa Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi maswali yameongezeka sana, zamani mtu alikuwa anakuambia hiyo ni lugha ya askari sisi haituhusu, sasa mtu huyo huyo anapiga simu kuuliza barua ya ofisi aandike vipi. Swali moja linarudi kila mara: ile bahari ya chini kabisa, yenye giza, ambayo mpiga mbizi wa kawaida hafiki, Waswahili wanaiitaje?

Jibu ni kilindi, wingi wake vilindi. Ni mahali ambapo maji yamekwenda chini sana. Mahali, sio kipimo, hilo naomba ulishike maana tutalirudia. Na usidanganywe na hiyo ki- ya mwanzo ukafikiri ni ya kudogosha kama kijumba au kitoto, hapana, kilindi ni kikubwa. Pembeni yake kuna lindi, ambalo ni shimo refu linalokwenda chini, na hili hata asiyejua bahari amelisoma gazetini: lindi la umaskini, lindi la mawazo, mtu kazama kwenye lindi la usingizi. Mwandishi anayeandika "lindi la umaskini" anakopa picha ya shimo ambalo ukitumbukia huoni pa kukanyaga.

Sasa weka -ni mwishoni, ile ile ya nyumbani na sokoni, unapata kilindini, yaani kwenye kilindi. Mombasa ya zamani ni kisiwa, upande wa mashariki ipo bandari ya kale ya majahazi, upande wa magharibi kuna mkondo mpana wenye maji marefu unaoingia mpaka ndani, na huko ndiko meli kubwa zinatia nanga bila kuogopa kukwama. Watu waliona mahali pana kilindi wakapaita Kilindini, basi. Na ukitazama historia yetu utaona jina hilo limetugusa mapema kuliko tunavyodhani, kwasababu reli iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, Kampala yenyewe ikaifikia 1931, na vyuma vyake vililetwa kwa meli. Nchi isiyo na hata shubiri moja ya pwani, lakini mlango wake wa mizigo ni kilindi. (Kuna wanaoniuliza Malindi na Lindi je, hiyo miji ina masimulizi mengi na kila mzee ana lake, mimi nabaki na Kilindini ambako hakuna ubishi.)

Tatizo linaanza mtu anapokuja na bahari kuu. Wengi wanachukulia bahari kuu na kilindi ni kitu kimoja, na si makosa yao peke yao, Tanzania wana Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, na ukimwuliza Mzungu jina hilo kwa lugha yake atakutajia bahari ya kina. Lakini ukiangalia kazi yenyewe, bahari kuu ni habari ya umbali na mamlaka, uko mbali kiasi gani na pwani na nani ana ruhusa ya kuvua hapo. Ndo maana ni neno la mabaharia, wanasheria na mawaziri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi yenye pwani maili 12 za bahari kama eneo lake kamili, halafu hadi maili 200 za kufaidi samaki na rasilimali, na kupita hapo maji si ya nchi yoyote. Kilindi hakiulizi maili. Kilindi kinauliza hapa ukizama utafika chini saa ngapi.

Mfano mzuri ni Saya de Malha, kule kati ya Shelisheli na Morisi. Pale umeshaacha nchi kavu mbali sana, uko bahari kuu kabisa, lakini kuna sehemu maji hayafiki mita 20, jua linapiga hadi chini na nyasi za bahari zinaota. Bahari kuu isiyo kilindi. Halafu rudi Mombasa, umesimama kisiwani unamwona mtu ng'ambo ya pili akianika nguo, na katikati yenu kuna kilindi kinachobeba meli za makontena. Hapo una kilindi bila bahari kuu. Wanafunzi wangu wote huwa wanaelewa hapa, maelezo mengine yote ni kuongezea chumvi.

Na Uganda tunaingiaje? Tumo, ndugu zangu. Mkataba huo Uganda iliuridhia mwaka 1990, una sehemu nzima inayohusu haki ya nchi zisizo na pwani kufika baharini, na pia unasema sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote ni urithi wa pamoja wa binadamu, inasimamiwa na mamlaka yenye makao Kingston, Jamaika. Kwahiyo hata mvuvi wa mukene, wale dagaa wetu, kwenye mwalo wa Masese ana kasehemu kake kwenye kilindi cha Pasifiki, ingawa sijaona mtu wa kumletea mgao.

Neno la tatu ni kina, na hili ndilo la kupimia. Hapa Uganda tunaharibu sana. Nimesoma maandishi ya wanafunzi, na hata ya watu wazima wenye vyeo, "Ziwa Victoria lina urefu wa mita 80". Masikini ziwa, limekuwa bwawa la samaki la mtu binafsi. Urefu wa Victoria unapita kilomita 300, mita 80 au zaidi kidogo ni kina chake pale palipo na maji mengi zaidi. Ila na mimi nisiwe mkali kupita kiasi maana Kiswahili chenyewe kinasema maji marefu na shimo refu, hapo urefu unakwenda chini badala ya kwenda mbele na kila mtu anaelewa. Ukishataja ziwa na tarakimu ndo useme kina. Mabaharia wa pwani walikipima kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na chombo chenyewe cha kupimia, kamba yenye risasi nzito mwishoni, waliita bildi. Kutoka hapo ndo tukapata kujadili jambo kwa kina, ambayo siku hizi kila mkutano wanajadili kwa kina hata kama wamekaa dakika kumi. Usikichanganye na kina cha shairi wala kina mama, hao ni watu wengine kabisa.

Tukipima basi tupime. Ziwa Albert halifiki mita 60. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, hilo ni kilindi hata ukimwuliza mtu wa bahari. Bahari zenyewe kwa wastani zina kina cha mita 3,700 hivi. Na pale Mariana, magharibi ya Pasifiki, maji yanashuka karibu mita 10,900, yaani chukua kilele cha Margherita cha Rwenzori chenye mita 5,109, panga Rwenzori mbili moja juu ya nyingine uziweke humo, na bado juu ya kilele utahitaji mtumbwi. Jacques Piccard na Don Walsh walifika huko tarehe 23 Januari 1960 kwa chombo kinaitwa Trieste, kushuka tu kulikula karibu masaa matano, wakakaa chini kama dakika 20 wakarudi juu. Mwanga wa jua wa kutosha mimea unaishia kwenye mita 200 hivi, ukipita mita 1,000 ni usiku wa siku zote, na kila mita 10 unazoshuka uzito wa maji unaongezeka sawa na uzito wa hewa yote tuliyonayo juu yetu. Kwahiyo kwa hesabu ya bahari ziwa letu la Victoria lote lingeishia kwenye lile tabaka la juu la mwanga.

Hapo Mariana nina ugomvi kidogo na watangazaji, wanasema "mfereji wa Mariana". Mtu wa Kampala ukimwambia mfereji anaona Nakivubo siku ya mvua, chupa za plastiki na maji meusi. Mimi naandika kilindi cha Mariana na sijaona aliyeshindwa kuelewa.

Kuna anayesema sasa mwalimu, kama ziwa letu ni la juu juu hivo, basi Uganda hatuna kilindi? Tunacho. Walokole mnaosoma Biblia ya Kiswahili mnajua Mwanzo inafungua na giza juu ya uso wa vilindi vya maji, hiyo ni kubwa sana tuiache. Nenda Luka sura ya 5, Petro anaambiwa "tweka mpaka kilindini" ashushe nyavu. Alikuwa wapi? Ziwani Galilaya, ambako kina hakifiki hata mita 50, na watafsiri hawakuona shida kuandika kilindini. Kwa mvuvi kilindi kinaanzia pale upondo unapodumbukizwa na mkono unafika majini na bado hujagusa chini. Baganda wanapaita obuziba, na ukilitamka taratibu karibu na neno ziwa sikio lenyewe litakuambia hawa ni ndugu.

Hii yote ilinirudia juzi nilipoitwa kusahihisha maandishi ya bango la usalama la mwalo mmoja hapa upande wa Victoria. Rasimu waliyoniletea ilisema "TAHADHARI: BAHARI KUU MBELE, VAA JAKETI". Nikawauliza taratibu, wazee, hapa kuna meli za kigeni? Wakacheka wenyewe. Mmoja kijana aliyesoma akapendekeza kilindi, na kwa kweli moyo wangu ulitaka sana, lakini bango halisomwi na mtu aliyekaa na kamusi, linasomwa na mtu anayesukuma boti saa kumi alfajiri na usingizi machoni. Tukaandika "HATARI: MAJI MAREFU. VAA JAKETI LA KUOKOA." Fundi wa rangi akaona nafasi imebaki chini, akauliza aongeze na Luganda, nikamwambia ongeza. Akachovya brashi akaandika obuziba, herufi kubwa kuliko zangu, na hakuniuliza kama ni sawa.