Kicheche wa miguu myeusi na kiroboto anayeamua hatima yake

Macho yake ndiyo huonekana kwanza. Gari linapotambaa usiku wa manane katika bonde la Conata, jimbo la South Dakota, na taa ya kumulikia ikizungushwa juu ya majani mafupi, hutokea nuru mbili za kijani kama zumaridi kwenye mdomo wa shimo, zikakutazama kidogo, kisha zikazama. Mimi ni daktari wa wanyamapori niliyezoea nyati na mbwa mwitu wa Tanzania, na nilikuwa nimekwenda huko kujifunza namna wenzetu wanavyodhibiti magonjwa. Sikutarajia kwamba mnyama wa uzito wa kilo moja hivi angenishika moyo kiasi kile.

Kicheche wa miguu myeusi ni wa ukoo mmoja na kicheche wetu na nyegere. Ana mwili mrefu, mwembamba, wa rangi ya mchanga, utepe mweusi unaopita machoni, na ncha ya mkia nyeusi. Umbo hilo ni umbo la mnyama wa shimoni, lakini shimo lenyewe si lake. Wenye mashimo ni wanyama wagugunaji wa jamii ya kindi, ambao Wamarekani huwaita mbwa kwa sababu ya mlio wao unaofanana na kubweka. Hapa nitawaita kindi wa prairi, yaani wa nyika za majani za Amerika Kaskazini. Kicheche hulala katika mashimo yao, huzaa humo baada ya mimba ya siku 42 hivi, hujificha humo dhidi ya bundi na koyoti, na zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake ni kindi hao hao. Kwa hiyo anayemuua kindi wa prairi amemuua na kicheche, hata kama hajawahi kumwona.

Na kindi waliuawa kweli. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 wafugaji, wakisaidiwa na serikali, waliwatilia sumu kwa madai kwamba wanawanyang'anya ng'ombe malisho, huku mashamba yakimeza sehemu kubwa ya nyika. Kwa makadirio yanayotumika sana, makoloni yao leo yamebaki katika takriban asilimia 2 ya eneo la zamani. Vicheche waliojulikana Mellette County, South Dakota, walitoweka mnamo 1974, na wa mwisho kati ya waliofugwa alipokufa mnamo 1979, wengi waliamini kwamba habari yao imekwisha.

Tarehe 26 Septemba 1981, karibu na mji mdogo wa Meeteetse, Wyoming, mbwa aitwaye Shep alimuua mnyama mgeni usiku. Mwenye ranchi aliutupa mzoga, lakini familia ikaamua kuupeleka kwa fundi wa kukausha wanyama, naye alipouona akatambua mara moja ni kitu gani. Watafiti walifika, na mwaka 1984 wakahesabu vicheche 129 katika eneo hilo.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1985 tauni, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na viroboto, iliwavamia kindi wa Meeteetse, na distempa ikawavamia vicheche. Distempa ni kirusi kile kile kilichoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, ila kwa kicheche huyu ukali wake unapita kipimo: mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanne kati ya waliokamatwa Mellette County walikufa kwa sababu ya chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa, chanjo ambayo vicheche wa spishi nyingine, wale wanaofugwa majumbani, waliistahimili bila shida. Kufikia Februari 1987 waliosalia wote 18 walikuwa wamekamatwa na kuwekwa kizuizini, na kinasaba kizazi chote cha leo kinatokana na saba tu kati yao.

Kuwazalisha kulifanikiwa, tangu 1991 maelfu wamerudishwa nyikani, hata Meksiko na Kanada. Mwaka 2020 alizaliwa Elizabeth Ann, nakala ya kinasaba (kloni) ya jike Willa aliyekufa mwaka 1988 na ambaye seli zake zilihifadhiwa kwenye baridi kali huko San Diego. Ninaithamini kazi hiyo, kwa kuwa inaongeza damu mpya katika ukoo finyu. Hata hivyo, vicheche walioko nyikani bado ni mia chache, na kizuizi si uhaba wa watoto. Kizuizi ni tauni.

Wasomaji wa Lushoto, wilaya ya Tanzania iliyowahi kukumbwa na tauni, hawahitaji kuelezwa ni nini. Kule Marekani iliingia kwa meli kupitia bandari za Pasifiki mnamo 1900, ikasambaa kuelekea mashariki kwa viroboto, ikawakuta wanyama wasio na kinga yoyote. Koloni la kindi laweza kuisha kwa wiki chache, na kicheche hufa kwa kuumwa na kiroboto au kwa kula kindi mgonjwa. Asipoambukizwa, atakufa njaa. Mwaka 2008 tauni ilifika Conata, penye kundi lililokuwa na mafanikio kuliko yote.

Tangu hapo watu hawapumziki. Kicheche hukamatwa kwa mtego mwembamba wa waya uliofunikwa gunia, ili audhanie mwendelezo wa shimo, huchanjwa, na hutiwa chipu ndogo chini ya ngozi. Chanjo inahitaji dozi mbili, hivyo lazima mnyama huyo huyo apatikane tena: kisomaji chenye umbo la pete huwekwa kwenye mdomo wa shimo, na anapochungulia chipu inasomwa. Jike niliyeshuhudia akipata dozi yake ya pili alitutolea mlio mkali wa haraka haraka alipofunguliwa, akageuka mlangoni pa shimo, akatutazama tena kana kwamba sisi ndio tuliovamia, akaingia.

Kindi hawachanjwi mmoja mmoja. Badala yake unga wa deltamethrini hupulizwa ndani ya mashimo kuua viroboto, ingawa katika baadhi ya maeneo viroboto wameanza kuwa sugu na watafiti wanajaribu chambo chenye dawa nyingine. Asubuhi ile tulivaa barakoa, tukajaza mashine, tukaanza na shimo la yule jike, kisha la jirani yake, na mbele yetu palikuwa na maelfu.